Jicho la mtoto linapougua bila kuwa jekundu

Januari 2024 Dar es Salaam nzima ilikuwa ikizungumzia macho mekundu. Abiria walipanda daladala na miwani ya jua, na kila mtaa ulikuwa na tiba yake. Ugonjwa ule wa virusi ulikuwa na kelele: jicho linawasha, tongotongo zinajaa, na wengi walipona bila matatizo. Sisi wa kliniki ya macho ya watoto tunauogopa zaidi ule usiopiga kelele.

Unaitwa yuveitisi. Ni mchochota (hali ya tishu kuvimba na kuathirika) wa tabaka la katikati la jicho, lenye mishipa mingi ya damu, ikiwemo ile duara yenye rangi inayozunguka mboni. Mtu mzima mara nyingi huumwa jicho, likawa jekundu, akaukimbia mwanga. Mtoto anaweza kukaa nao miezi kadhaa, jicho jeupe pee, jioni anacheza rede kama kawaida. Analetwa baada ya mwalimu kusema anausogelea mno ubao, au mama kuona mboni moja si duara tena. Mboni iliyopinda hivyo imeshagandana na lenzi iliyo nyuma yake.

Swali la kwanza la mzazi: "Daktari, umesababishwa na nini?" Tunapima kifua kikuu, kaswende, VVU, na toksoplasma, kimelea kinachoweza kushambulia jicho. Tunauliza kama mtoto huamka akichechemea, maana baridi yabisi ya watoto huenda sambamba na ugonjwa huu. Mara nyingi majibu yote hurudi safi, na kwenye faili tunaandika "chanzo hakijulikani". Wapo wanaosikia hapo kwamba daktari ameshindwa, au jirani ana kijicho. Sivyo. Kinga ya mwili imeligeukia jicho, na kilichoiamsha hakijaonekana. Hatuachi kutafuta, kwa sababu kuna watoto ambao magoti huvimba baada ya jicho kutangulia.

Chanzo kisipojulikana, matibabu yapo vilevile. Kuna matone ya steroidi, dawa ya kutuliza mchochota, yanayopunguzwa taratibu, na matone ya kupanua mboni isigandane. Haya ya pili humtia mtoto ukungu anaposoma, kwa hiyo mwalimu aambiwe. Mchochota ukigoma, tunaongeza methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ambayo hutumika mara moja kwa wiki, si kila siku.

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Steroidi hiyohiyo inayookoa jicho huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Usiinunue kiholela duka la dawa, usitumie chupa iliyobaki kwa mjomba, na wala usiikatishe ghafla kwa sababu mtoto halalamiki. Hata mwanzo hakulalamika.

Tochi peke yake haitoshi kuuona mchochota huu. Mtoto anahitaji ile mashine ya kuegemezea kidevu. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala; ikibidi atapelekwa Muhimbili au hospitali ya CCBRT, Msasani. Siku ya kliniki njoo na chupa zote za dawa, hata zilizokwisha.