Bei haisikii: dhana potofu kuhusu vifaa vya kusikia

Imebidi niandike hii kwa sababu nimechoka kuisema kwa mdomo. Mtu anaingia kwangu, ninapopima masikio na kuseti vifaa vya kusikia, na boksi zuri, ndani kuna vifaa viwili vya daraja la juu kabisa, vya kuchaji, vina Bluetooth, vina programu yake kwenye simu, na neno lake la kwanza ni "nimetoa hela yote ile na bado sisikii". Ukimuuliza alipimwaje siku anavichukua anakwambia walimvalisha, wakamuuliza "unanisikia?", akajibu ndiyo, akaenda zake. Sasa anachotaka kwangu ni jina la kifaa kingine, cha bei zaidi ya hicho.

Jamani, bei haisikii.

Hii dhana ya "cha ghali ndo kinasikika" inanimaliza kuliko zote, manake inawafilisi watu halafu inawaacha palepale walipokuwa. Tuanze na unacholipia. Watengenezaji wengi wanatoa toleo moja kwa madaraja matatu manne, gamba ni lilelile, spika ndani ni zilezile, kinachotofautiana ni vitu vilivyofunguliwa kwenye programu: chaneli nyingi zaidi (yaani vipande vya sauti vinavyorekebishwa kila kimoja peke yake), upunguzaji kelele wa nguvu zaidi, maikrofoni zinazojigeuza zenyewe kumfuata anayeongea. Sisemi ni uongo, vipo, na mtu anayeshinda kwenye mikutano na makundi ya watu anaweza kuona faida. Ila yule anayekaa nyumbani na mtu mmoja au wawili, anasikiliza redio jioni, hivyo vitu hata havitawaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Memphis kule Marekani walishalinganisha vifaa vya daraja la juu na vya daraja la chini, wazee wakavivaa kwenye maisha yao ya kawaida kwa wiki kadhaa bila kuambiwa kipi ni kipi. Vyote viliwasaidia, na tofauti ya maana kati ya cha ghali na cha rahisi haikuonekana. Ila soma vizuri: vyote vilikuwa vimesetiwa sawasawa kwanza. Hapo ndo penye kazi.

Kusetiwa ni nini. Ni kupanga kifaa kikuze kila sauti kwa kiasi ambacho sikio lako linahitaji. Odiogramu yako, ule mchoro wa majibu ya kipimo cha masikio, inaonyesha sauti ndogo kabisa unayoisikia kwenye kila masafa, yaani kila kiwango cha uzito au wembamba wa sauti, kuanzia 250 Hz za sauti nzito mpaka 8000 Hz za sauti nyembamba. Kwa watu wengi waliopungukiwa na usikivu kwa umri au kwa kelele, upande wa sauti nzito unakuwa bado mzuri mzuri, halafu mstari unaporomoka kuanzia 2000 kwenda mbele. Vokali ziko chini na zina nguvu, unazipata. S, f, sh, t, k ziko juu na ni dhaifu, zinapotea. Kwa hiyo mtu akikutajia neno unapata "a" mbili tu, hujui kasema paka, taka, saka au shaka, unabaki kubahatisha kwa kumwangalia midomo, na ndo maana wote mnakuja na sentensi ileile, "nasikia ila sielewi", na wengine wanaapa kabisa kwamba masikio yao hayana shida ila vijana siku hizi wanamumunya maneno.

Sasa kifaa kikitoka kwenye boksi, programu inakadiria ikupe sauti kiasi gani kwa kutumia sikio la mtu mzima wa wastani. Sikio lako si la wastani. Tundu likiwa jembamba sauti inakuwa kubwa zaidi, likiwa pana inapungua, ukivaa kile kipira cha silikoni chenye matundu, sauti nyingine inavujia nje. Kati ya kinachoonyeshwa kwenye kompyuta ya fundi na kinachofika kweli kwenye ngoma ya sikio kunaweza kuwa na tofauti ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 10 au hata zaidi. Na mipangilio ya kiwandani ina tabia ya kubania zile sauti nyembamba hasahasa, kwa sababu mtu mpya akipewa kiasi anachohitaji siku ya kwanza atalalamika kinapiga kelele, na kiwanda hakitaki malalamiko. Matokeo yake unalipia kifaa ambacho pale kwenye s na f, penye ugonjwa wako wenyewe, kinakupa nusu ya dozi.

Dawa ya hili ipo miaka mingi na wala si ngumu. Kwanza nachungulia tundu la sikio kuhakikisha hakuna nta. Halafu naingiza mrija wa silikoni mwembamba sana, laini, mpaka ncha yake ikae milimita chache kabla ya ngoma ya sikio (unatekenya kidogo, hauumizi), kifaa kinavaliwa juu yake, spika iko mbele yako kama umbali wa mkono. Inapigwa sauti ya mtu anaongea taratibu, kama desibeli 55, kisha ya kawaida 65, kisha ya nguvu 80. Mrija unapima kilichofika pale ndani, kwenye skrini unatokea mstari, na pembeni yake kuna mstari wa lengo, yaani mahali unapotakiwa kuwa kwa usikivu wako wewe. Kwa watu wazima wengi lengo hilo tunalikokotoa kwa kanuni ya NAL-NL2 iliyotoka maabara ya taifa ya akustika ya Australia, kwa watoto wengi wanapenda DSL ya Kanada. Mstari ukiwa chini ya lengo pale 3000 au 4000 Hz nasukuma juu, napima tena. Dakika chache kila sikio. Wateja wangu wanaweza kuuona kwa macho yao, mstari unavyopanda, na kuna wengine wananiuliza kwa hasira mbona kule walikotoka hawakuonyeshwa hiki kitu.

Ndo ushauri wangu, na nitaurudia hata mkinichoka: kabla hujalipa chochote uliza, "mtanipima kifaa kikiwa sikioni, na mrija ndani, halafu mnionyeshe mstari?" Wakianza kukwepa, wakisema kompyuta inafanya yenyewe, wakisema uzoefu wao unatosha, chukua odiogramu yako uondoke. Ni yako hiyo, huombi msaada. Bora kifaa cha daraja la kati kilichopimwa hivi kuliko cha daraja la juu kilichosetiwa kwa "unanisikia?". Na ukiwa bado unajadili bei uliza pia bei imebeba nini: kipindi cha kujaribu na kurudisha ni siku ngapi, marudio mangapi ya kurekebisha, warantii inafunika nini, na kama kifaa kimefungwa kiprogramu kiasi kwamba fundi mwingine hawezi kukifungua, hilo nalo ulijue mapema kabla hujahama mji.

Kuna dhana dada wa hiyo, "ni kuongeza sauti tu, nipe chenye nguvu". Hapana. Kwenye koklea, ile sehemu ya ndani kabisa ya sikio inayopokea sauti, kuna seli za vinyweleo ambazo kazi ya nyingi ni kuzikuza zile sauti ndogo, zikifa hazioti tena. Zikishakufa sauti ndogo huisikii, lakini kubwa bado inakukera kama inavyomkera mtu mwingine, pengine zaidi, ndo maana mzee anasema "ongea kwa nguvu", ukiongeza kidogo anasema "unanipigia kelele ya nini". Kifaa cha kweli kinakuza sauti ndogo sana, ya kati kiasi, kubwa kidogo au kisiiguse kabisa, na kina kikomo kisichovukwa. Vile vikuza sauti vya bei ya chee vinavyouzwa mitandaoni kwa picha ya mzee anatabasamu, vingi vinapandisha kila kitu kwa pamoja, kelele na maneno na mlango unaobamizwa.

Ila msije mkanielewa vibaya kwamba kila kinachouzwa bila fundi ni takataka. Marekani tangu Oktoba 2022 sheria inaruhusu vifaa vya kusikia kuuzwa moja kwa moja kwa mteja, kwa watu wa miaka 18 kwenda juu wanaohisi tatizo lao ni dogo au la kati, na baadhi ya hivyo ni vizuri tu. Neno la kushika hapo ni dogo au la kati, na watu wazima. Mtoto usimnunulie kifaa mtandaoni. Usijaribu. Mtoto tundu lake ni dogo, kifaa kilekile kinampa sauti kubwa zaidi, moldi (kile kipande kinachotengenezwa kwa umbo la sikio lake) inabadilishwa kila baada ya miezi michache maana sikio linakua, na lugha anajifunza sasa hivi, haisubiri.

"Nikivaa tu nasikia, kama miwani." Hii inawakatisha tamaa watu wazuri kabisa. Ubongo ulishazoea ukimya, unaurudishia ghafla mlio wa karatasi, bomba la maji, nyayo zako mwenyewe, lazima ulalamike. Wiki za kwanza ni za kuzoea, na kwa wengine inafika miezi, na kuzoea kunataka kifaa kivaliwe mchana kutwa. Anayevaa kwa ajili ya wageni tu kila mara anaanza upya. Kinachostahili kurudi kwa fundi ni sauti inayouma, mluzi usioisha, au sauti yako mwenyewe kuvuma kichwani. Hiyo ya kuvuma fundi mvivu atakupunguzia sauti nyembamba ukanyamaza, na hapo kakuibia s zako tena, wakati tatizo liko kwenye sauti nzito zilizonaswa ndani ya tundu, linatibiwa kwa kipira kilicho wazi zaidi au kupanua njia ya hewa kwenye moldi, kama usikivu wako unaruhusu.

"Nianze na kimoja kwanza." Kama masikio yote mawili yana tatizo, vaa mawili. Sauti inatoka upande gani unaijua kwa kulinganisha sikio na sikio, na kwenye kelele ndo unapoyahitaji yote. Sikio lisilopewa sauti kwa miaka linazidi kushindwa kuelewa maneno hata ukija kuliwekea kifaa baadaye. Wenye sikio moja lililokufa kabisa hao ni habari nyingine, wana njia zao.

"Nataka kisichoonekana." Sawa, na kuna masikio kinafaa. Lakini kifaa kinachozama ndani kina betri ndogo, kinaogelea kwenye nta na jasho, na mara nyingi kina maikrofoni moja tu, na bila maikrofoni mbili hakuna ule uelekeo unaosaidia kwenye kelele. Usikivu ukiwa umeshuka sana nguvu yake haitoshi. Na vidole vikiwa vinatetemeka jaribu kwanza kukivaa na kukivua mbele ya fundi, mara kadhaa, bila msaada.

"Kinaondoa kelele zote." Hakuna kifaa hicho, kwa bei yoyote. Kinapunguza, na kinasaidia zaidi anayeongea akiwa mbele yako na karibu, mita moja mbili. Umbali unaua maneno. Ukumbini au darasani mtafutie anayeongea maikrofoni ya pembeni inayotuma sauti moja kwa moja kwenye vifaa vyako, itakufaa kuliko kupanda daraja, na mimi huwa nawaambia watu hela waliyotaka kuongezea daraja waiweke huko.

"Kimekufa." Aisee. Vingi vinavyoletwa vimekufa vimeziba. Kwenye ncha ya spika kuna kichujio cha nta, kitu kidogo kama kichwa cha pini, kibadilishe kwanza ndo uongee habari ya matengenezo. Betri zile za zinki na hewa (stika ya njano ni saizi 10, kahawia 312, chungwa 13, bluu 675) ukishabandua stika yake ziache wazi dakika chache zivute hewa kabla hujazifungia ndani, na usibandue ya akiba mapema, ikishabanduliwa ndo imeanza kwisha hata ukiirudishia stika. Usiku kifaa kilale kwenye kopo la kukaushia. Hiyo IP68 mnayoisoma kwenye boksi, alama ya kukinga maji na vumbi, inakinga jasho na mvua, haijasema ukaogelee nacho.

"Kitaniharibia usikivu uliobaki." Kilichosetiwa na kuwekewa kikomo sahihi, hapana. Usikivu ukiendelea kushuka ni ugonjwa wako unaendelea na safari yake, ndo maana odiogramu inarudiwa angalau mara moja kwa mwaka na kifaa kinasetiwa upya.

La mwisho, na hapa naomba msinisubirishe. Ukiamka sikio moja halisikii, au limezima ndani ya siku moja mbili, usije kununua kifaa na usikae ukingoja nta itoke. Hiyo ni dharura, nenda kwa daktari wa masikio siku hiyohiyo, dawa zinazoweza kuurudisha usikivu zinafanya kazi vizuri zikianza siku za mwanzo, baada ya wiki chache zinakuwa hazina kazi tena. Hivyohivyo kwa sikio linalotoa usaha au damu, kizunguzungu kikali, au mvumo wa upande mmoja tu: daktari kwanza, vifaa tutaongea baadaye.