Maharagwe, ugali na kuku: dhana za jikoni Nairobi na ukweli wake

Nairobi ni mji wa watu waliotoka kwingine. Katika nyumba moja ya kupanga utakuta aliyelelewa Kisumu, aliyekulia Mombasa na mwenzao kutoka Murang'a, wote wakipikia jiko moja la gesi. Kila mmoja amekuja na masharti ya jikoni aliyofunzwa kwao, na masharti hayo yakigongana, watu hubishana ni nani anayejua kupika. Afadhali kuuliza sharti lenyewe lilizaliwa wapi: kwa maji gani, moto gani, unga gani. Ukishajua hilo, mara nyingi utakuta wabishi wawili wote wana haki, kila mmoja kwao.

Dhana: "Maharagwe yakikawia kuiva, mpishi ndiye hajui."

Mombasa iko kando ya bahari, na maji yake huchemka yakifika nyuzi 100. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko Pwani, kwa hiyo maji huchemka kwa takriban nyuzi 94 na hayapandi zaidi ya hapo, hata ukiwasha moto wa kuunguza paa. Mtu wa Pwani anayesema maharagwe yake huiva kwa muda mfupi hadanganyi. Yeye anapikia maji ya moto zaidi.

Kutokana na hilo, moto mkali baada ya maji kuchemka haupunguzi muda hata dakika moja. Unamaliza gesi na kukausha sufuria. Yakishachemka kwa nusu saa, punguza moto mpaka uone mapovu madogo tu, kisha funika. Kinachopandisha joto ni presha kuka, kwa sababu huuzuia mvuke kutoka: ndani yake maji hufika karibu nyuzi 115 hata hapa Nairobi. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha, ambayo yangechukua saa moja na nusu hadi mbili kwa sufuria ya kawaida, huiva kwa dakika 20 hadi 30.

Umri wa maharagwe nao una sauti kubwa. Maharagwe ya aina ya Nyayo au Wairimu yaliyokaa gunia kwa mwaka mzima mahali penye joto na unyevu huwa na ganda na kiini kilichogoma, na hata muda mrefu haurudishi ulaini wote. Ukinunua, chagua yanayong'aa, yasiyo na mikunjo. Usichanganye ya zamani na mapya kwenye sufuria moja, la sivyo nusu yatapondeka huku nusu yakiwa bado magumu.

Dhana: "Chumvi ikitangulia, maharagwe hayaivi."

Hili limeshikwa sana, na ukweli wake umekaa kinyume. Ganda la maharagwe hushikamanishwa na pektini, na pektini hukazwa na madini ya kalisi na magnesi. Chumvi kwenye maji ya kulowekea huondoa sehemu ya madini hayo, na ganda hulainika. Kwa vikombe viwili vya maharagwe, tumia vikombe sita vya maji na kijiko kimoja kikubwa cha chumvi. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, suuza, kisha pika kwa maji mapya.

Lakini usimdharau aliyekukataza. Sufuria inayochemka saa tatu juu ya kuni hupungua maji na kuongezwa mara kwa mara, na aliyetia chumvi mapema hawezi kukisia mwisho utakuwa mkali kiasi gani. Ndiyo maana chumvi ya kuonja huwekwa mwishoni. Halafu kuna jambo moja ambalo wazee walilipata sawasawa kabisa: nyanya zisitangulie. Tindikali ya nyanya, ndimu au ukwaju huizuia pektini kuachia. Hakikisha punje inapondeka kati ya vidole viwili ndipo uyaunge kwa kitunguu na nyanya.

Dhana: "Magadi ni ujinga" na jirani yake, "Magadi hayana neno."

Magadi huyafanya maji yawe na alkali, na alkali huvunja pektini haraka. Yanafanya kazi kweli. Gharama yake ni vitamini B1, inayoharibika upesi ndani ya alkali, pamoja na ladha ya sabuni ukizidisha. Kwa maharagwe yaliyozeeka, robo kijiko kidogo cha soda ya kuokea kwa vikombe viwili inatosha. Kwa maharagwe mapya hakuna haja.

Mrenda, mboga ya majani yenye utelezi, ni habari nyingine. Wapishi wa magharibi mwa Kenya hutumia magadi au maji ya majivu ya maganda ya maharagwe ili majani yalainike na utelezi wake uwe sawa. Anayepika sukuma wiki tu huona hiyo ni tabia ya bure, kwa sababu sukuma wiki haihitaji: dakika tano hadi nane kwenye kitunguu na mafuta imekwisha kuiva. Kila mboga ina sheria zake.

Dhana: "Maharagwe mekundu yaive polepole, mradi yapate joto muda mrefu."

Hapa pana hatari. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu iitwayo lektini, na punje nne au tano ambazo hazijaiva zinaweza kumtapisha mtu mzima ndani ya saa chache. Joto la chini, kama nyuzi 80, haliiondoi, na linaweza hata kuiongeza makali. Anayetumia kikapu cha kuhifadhi joto au sufuria ya umeme ya moto mdogo ayachemshe kwanza kwa nguvu dakika 30, maji yakitokota kweli, ndipo ayahamishe. Kikapu chenyewe ni kizuri na kinaokoa makaa mengi.

Dhana: "Ugali wa kweli unaanza na maji yanayochemka. Anayeanza na uji hajui."

Kuna njia mbili, na zote hutoa ugali halisi.

Ya kwanza: chemsha vikombe viwili vya maji, mwaga unga juu kwa mkupuo, uache utokote dakika moja au mbili bila kukoroga, ndipo usonge. Ugali hutoka mgumu, wenye chembe. Ya pili: koroga nusu kikombe cha unga kwa kikombe cha maji baridi, tia kwenye kikombe na robo cha maji yanayochemka huku ukikoroga, ngoja uji uwe mzito, ndipo uongeze unga kidogo kidogo. Huu hutoka laini, unaoteleza kooni, na ukilala haukauki sana.

Madonge hutokea kwa sababu moja. Wanga wa mahindi huanza kuvimba ukipita nyuzi 60 hivi. Tonge la unga mkavu likiingia maji ya moto, nje huvimba na kufunga, na ndani hubaki unga mbichi. Uji huzuia hilo kwa kulowesha kila chembe mapema. Njia ya kwanza inategemea mkono: kandamiza tonge kwenye ukingo wa sufuria badala ya kuzungusha mwiko tu. Kwa vyovyote unga wote ufike vikombe viwili hadi viwili na nusu, na upikwe dakika 10 hadi 15. Unga wa posho mill wenye pumba hunywa maji zaidi kuliko wa paketi, na wengi wanaobishana kuhusu vipimo wanazungumzia unga tofauti bila kujua.

Dhana: "Kuku asiyeoshwa ni mchafu."

Kuku wa kienyeji aliyechinjwa nyumbani huwa na manyoya, masizi na damu, kwa hiyo sharti la kumwosha lilikuwa na sababu. Kuku wa buchari amekwisha kusafishwa. Ukimweka chini ya mfereji, matone yenye bakteria huruka hadi kwenye vyombo na kachumbari, na hakuna maji ya mfereji yanayowaua. Moto ndio unaowaua: nyuzi 74 katikati ya paja. Ukiwa na wa kienyeji, mwoshe ndani ya beseni taratibu, kisha uoshe beseni, sinki na mikono kwa sabuni.

Dhana: "Mahindi yenye kuvu yakichemshwa sana yanakuwa salama."

Hili halina pande mbili. Sumukuvu, aflatoksini, hustahimili joto la jikoni: githeri ya saa nne na ugali wa robo saa ni sawa mbele yake. Mwaka 2004 watu 125 walifariki nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoingia sumu hiyo. Kukoboa, kama inavyofanywa kwa muthokoi (mahindi yaliyotolewa ganda), huondoa sehemu ya sumu kwa kuwa nyingi yake hukaa kwenye ganda, ila hakuimalizi. Mahindi yahifadhiwe yakiwa makavu, unyevu usiozidi asilimia 13.5, yainuliwe kutoka sakafuni. Punje iliyopasuka, iliyobadilika rangi au inayonuka uvundo itolewe. Asipewe hata ng'ombe, kwa kuwa sumu hiyo hupita mwilini mwake na kurudi nyumbani ndani ya maziwa.