Kufuta timu hakuokoi chuo kidogo

Janga la Uviko-19 lilipovibana vyuo vya Marekani mwaka 2020, wengi walisema vyuo vidogo vifute timu za michezo ili viokoe fedha. Kwa chuo kikubwa kinachowalipia wanamichezo wake karo, hoja hiyo ina mashiko. Kwa vidogo, hesabu hugeuka.

Vingi vya vyuo hivyo viko Daraja la Tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ambako ni marufuku kumpa mtu ufadhili kwa sababu ya kipaji cha michezo. Mchezaji hulipa karo, bweni na chakula, hata kama amepunguziwa kwa masomo au uhitaji. Kocha basi ndiye mwandikishaji wa wanafunzi, ingawa cheo chake hakisemi hivyo. Ukifuta timu ya watu 30, umeokoa mshahara wa kocha, nauli na jezi; karo za hao 30 huenda zikahamia chuo jirani.

Kilichoviuma vyuo hivyo zaidi ya michezo mwaka huo ni kuwarudishia wanafunzi waliorudi nyumbani fedha za mabweni, juu ya uhaba wa wanafunzi wa miaka mingi. Chuo cha MacMurray, Illinois, kilichoanzishwa 1846, kilifungwa Mei 2020, na chenyewe kilisema korona haikuwa sababu kuu.