Lengo lililorekebishwa: mshindi wa kriketi anavyopatikana mvua ikikatiza mechi

Katika kriketi ya ova chache (ova moja ni mipira sita inayorushwa), timu ya kwanza hupiga na kuandika mikimbio yake, yaani alama zake, kisha timu ya pili huingia kuifukuzia. Ya kwanza ikipata 180, ya pili inahitaji 181 ili ishinde, na hiyo 181 ndiyo lengo lake. Mvua ikinyesha katikati na muda ukapotea, ova za timu ya pili hupunguzwa. Hapo lengo la mwanzo halifai tena, kwa kuwa timu haiwezi kudaiwa mikimbio ileile ndani ya nusu ya nafasi. Namba mpya inayowekwa mahali pake ndiyo huitwa lengo lililorekebishwa.

Kwa klabu za ridhaa hili ni suala la kila msimu. Mashindano makubwa hutenga siku ya akiba na yana mashine za kunyonya maji uwanjani. Klabu ya wachezaji wasiolipwa ina alasiri moja tu, na mara nyingi ina vifuniko vinavyotosha pichi peke yake, yaani ukanda wa katikati ya uwanja, huku sehemu wanakokimbilia warushaji ikiloa kabisa. Majira ya joto yakiwa na mvua nyingi, mechi kadhaa za ligi huamuliwa na hesabu hii, na timu inaweza kupanda au kushuka daraja kwa sababu yake. Ndiyo maana naona kila mchezaji anapaswa kuielewa, wala isiwe siri ya waamuzi na mtunza alama.

Njia ya kwanza inayomjia mtu kichwani ni wastani. Timu ya kwanza imepata 180 kwa ova 40, yaani mikimbio minne na nusu kwa kila ova. Timu ya pili imebakiziwa ova 20, basi 20 mara nne na nusu ni 90, lengo ni 91. Hesabu ni nyepesi, kila mtu anaifuata, na ligi nyingi ndogo ziliishi nayo kwa miaka mingi. Kasoro yake ni kwamba inahesabu ova na kusahau wiketi, yaani wapigaji wanaotolewa.

Kila timu ina wiketi 10 za kupoteza. Ukiwa na ova 40 mbele yako, lazima uzitunze: wapigaji wa mwanzo hucheza kwa uangalifu, kwa sababu wakitolewa wote mapema, ova zilizobaki hazina mtu wa kuzitumia. Ukipewa ova 20 na wiketi zako 10 ziko palepale, huna haja ya uangalifu huo. Ni kama msafiri aliyebeba maji ya siku nne kisha akaambiwa safari ni ya siku mbili. Anaweza kunywa atakavyo. Kwa hiyo 91 kwa ova 20 ni zawadi kwa timu ya pili, na nahodha yeyote aliyeona mawingu angechagua kupiga wa pili. Njia ya haki lazima iangalie ova na wiketi kwa pamoja.

Kabla ya njia hiyo kupatikana, lilijaribiwa jambo lingine lililoleta balaa kubwa zaidi. Katika Kombe la Dunia la 1992, ova zikipotea, walizifuta zile ova ambazo timu ya kwanza ilipata mikimbio michache zaidi. Tarehe 22 Machi, mjini Sydney, Afrika Kusini ilikuwa inaifukuzia Uingereza katika nusu fainali na ilihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13. Mvua ikanyesha kwa dakika chache, ova mbili zikafutwa. Ova zilizofutwa kwa upande wa Uingereza zilikuwa zile ambazo warushaji wa Afrika Kusini waliwabana wapigaji karibu wasipate kitu, hivyo lengo likashuka kwa mkimbio mmoja tu. Ubao wa uwanjani ulionyesha 22 kwa mpira mmoja, ingawa hesabu sahihi ilikuwa 21. Kwa vyovyote haiwezekani, maana mpira mmoja halali haupatiwi zaidi ya sita kwa kipigo cha kawaida. Timu iliadhibiwa kwa kurusha vizuri.

Wanatakwimu wawili wa Uingereza, Frank Duckworth na Tony Lewis, ndio waliotoa jibu. Njia yao ilitumika kwa mara ya kwanza katika mechi ya kimataifa tarehe 1 Januari 1997, Zimbabwe ilipocheza na Uingereza mjini Harare, na Baraza la Kimataifa la Kriketi likaipitisha rasmi mwaka 1999. Baadaye Steven Stern wa Australia aliirekebisha ili iendane na alama kubwa za siku hizi, na tangu 2014 jina lake limeongezwa: Duckworth, Lewis na Stern, kwa kifupi DLS.

Msingi wake ni neno moja, rasilimali: ova na wiketi ambazo timu bado inazo, zikipimwa kwa pamoja. Timu inayoanza zamu ya ova 50 na wiketi zake zote 10 ina rasilimali asilimia 100. Kila mpira unaorushwa hupunguza kidogo, na kila wiketi inayoanguka hupunguza pia, lakini si kwa kiasi kilekile wakati wote. Jedwali la toleo la kawaida, ambalo klabu inaweza kulichapisha na kulitumia bila kompyuta, linasema kwamba ova 40 zikibaki na hakuna wiketi iliyopotea, rasilimali ni asilimia 89.3. Ova 30, asilimia 75.1. Ova 20, asilimia 56.6. Ova 10, asilimia 32.1. Tazama kwamba ova 20 kati ya 50 ni asilimia 40 ya ova zote, lakini zinabeba zaidi ya nusu ya uwezo wa kupata mikimbio. Tofauti hiyo ndiyo wastani usioiona.

Turudi kwenye mechi yetu ya ova 40. Timu ya kwanza ilitumia rasilimali asilimia 89.3 na kupata 180. Ya pili inaanza na ova 20 na wiketi zote, asilimia 56.6. Gawanya 56.6 kwa 89.3, zidisha kwa 180, unapata 114 na sehemu ndogo. Lengo ni 115. Linganisha na 91 ya wastani: ni mikimbio 24 zaidi, na ukiwauliza waliowahi kucheza pande zote mbili, wengi watakubali kwamba 115 ndiyo inayofanya mechi iwe mechi.

Utamu wa jedwali huonekana zaidi mvua inapokuja zamu ya pili ikiwa imeshafika mbali. Tuseme timu ya kwanza ilipata 200 kwa ova 50. Ya pili imecheza ova 30, ina 121, mvua inashuka na mechi haiendelei tena. Kwa wastani, ilihitaji kuvuka 120, kwa hiyo imeshinda, haidhuru imepoteza wiketi ngapi. DLS inauliza kwanza: wiketi ngapi? Ikiwa ni mbili, rasilimali iliyobaki ni asilimia 52.4, iliyotumika ni 47.6, na kiwango cha usawa, yaani alama zinazolingana na rasilimali hiyo iliyotumika, ni 95. Timu iko mbele sana na inastahili ushindi. Ikiwa ni tano, iliyobaki ni asilimia 38.6, na kiwango cha usawa kinapanda hadi 122. Kwa 121 imeshindwa kwa kidogo tu. Ikiwa ni saba, imebakiza asilimia 21.2 pekee, na ilitakiwa iwe imefika 157. Alama ni ileile, ova ni zilezile, lakini hizi ni hali tatu tofauti kabisa, na yeyote aliyekuwa ukingoni mwa uwanja aliona hivyo kwa macho yake.

Kinachowashangaza wengi ni pale lengo linapopanda badala ya kushuka. Timu ya kwanza inapata 170, kisha mechi inaanza tena na ya pili inaambiwa ifukuzie 201. Si kosa la hesabu. Hutokea mvua inapokatiza zamu ya kwanza. Timu ya kwanza ilijipanga kwa ova 50, ikacheza 40, ikiwa imepoteza wiketi tano, halafu zamu yake ikafungwa. Ova 10 za mwisho, ambazo kwa kawaida huvunwa kwa nguvu, zimepokonywa bila taarifa. Zilikuwa na thamani ya asilimia 26.1. Timu ya pili inajua tangu mwanzo kwamba ina ova 40, na inajipanga kwa hizo, asilimia 89.3 dhidi ya 73.9 za mwenzake. Tofauti ni 15.4. Toleo la kawaida huzidisha tofauti hiyo kwa wastani wa alama unaotarajiwa katika zamu kamili ya kiwango hicho cha mchezo. Tukichukua 200, inaongezeka mikimbio 30 na zaidi kidogo, na lengo linakuwa 201. Wastani huo huwekwa na waandaaji wa ligi, nao wauchague kwa uangalifu, maana wakichukua namba ya timu za taifa wataionea timu ya pili kwenye uwanja ambako watu hupata 160.

Mvua ikinyesha kabla ya mpira wa kwanza, hakuna hesabu yoyote. Ova zinapunguzwa kwa pande zote mbili, 30 kwa 30, na mechi inachezwa kama kawaida.

Kanuni nyingine zinazozunguka lengo hili hutofautiana kati ya ligi na ligi. Kuna dakika zinazohesabiwa kuwa sawa na ova moja iliyopotea, kuna idadi ya chini kabisa ya ova ambazo timu ya pili lazima izipate ili matokeo yakubalike (katika mechi za kimataifa ni 20 kwa mechi ya ova 50, na tano kwa ile ya ova 20), na kuna pointi zinazogawanywa mechi ikivunjika. Uamuzi wa kusimamisha na kurudi uwanjani ni wa waamuzi, kwa kuangalia kama hali ni ya hatari au haifai kuchezwa. Nahodha anayeongoza hesabu na kutaka kwenda nyumbani hana kura hapo. Waamuzi wa klabu hubanwa sana na jambo hili, hasa pale waamuzi wenyewe wanapokuwa ni wachezaji wa timu inayopiga. Ndiyo sababu nashauri manahodha wawili wasomeane kanuni ya mvua kabla ya kurusha sarafu, mbele ya watunza alama, hata anga likiwa jeupe.

Watunza alama wanahitaji pia karatasi ya viwango vya usawa, mstari mmoja kwa kila ova na safu moja kwa kila idadi ya wiketi zilizopotea. Hapa pana mtego. Kiwango cha usawa si lengo. Ukikifikia tu, mmetoka sare. Ili ushinde lazima ukipite kwa mkimbio mmoja. Tarehe 3 Machi 2003, mjini Durban, Afrika Kusini ilicheza na Sri Lanka katika Kombe la Dunia huku mvua ikizidi. Mpigaji wa Afrika Kusini, Mark Boucher, alipewa taarifa kwamba ova ya 45 ikiisha wanahitaji 229. Akapiga sita, wakafika 229, na mpira wa mwisho wa ova hiyo akauzuia tu bila kukimbia, akiamini kazi imekwisha. Mechi ikafungwa hapo. Namba 229 ilikuwa ya sare, ushindi ulikuwa 230, na wenyeji wakatolewa mashindanoni.

Kwa hiyo karatasi inapopelekwa kwa wapigaji walio katikati ya uwanja, iandikwe namba ya kushinda, na isemwe pia ni kwa wiketi ngapi, kwa sababu wiketi moja ikianguka kwenye mpira unaofuata, namba hiyo inapanda papo hapo.