"Hakuna ugonjwa" siyo taarifa ya afya

Hizi wiki mbili za mvua simu ya ofisi yetu hapa Arusha haipoi. Wengi wanaopiga hawaulizi dalili wala kituo cha kwenda, wanauliza kitu kimoja tu: "Bwana afya, mnatuficha nini?" Halafu wananirushia voisi ya WhatsApp ya dakika 4, mtu hajitaji jina, anasema kuna kata hapa mjini watu wanaharisha mpaka wanakufa na wanazikwa usiku usiku. Hiyo voisi tumeifuatilia nyumba kwa nyumba, hakuna kitu cha hivo, na ukiisikiliza mpaka mwisho unakuta anaongelea mvua za mwaka mwingine kabisa. Watu hawafiki mwisho, wanaforwadi tu. Hilo linanichosha kwa kweli na nitalirudia huko chini.

Ila sianzi na nyie wananchi, naanza na sisi tunaoshikishwa maiki, yaani viongozi wa siasa, wataalamu wa serikali kama mimi, na ndugu zetu waandishi wa habari. Uvumi unanawiri pale watu walipozoea kuambiwa mambo kwa kuchelewa au nusu nusu. Naandika kama mtaalamu wa elimu ya afya, siyo msemaji wa mkoa wala wa wizara, kwa hiyo takwimu za sasa sitazitoa hapa, zina njia yake.

Kuna kosa moja nalijua kwa karibu maana nilikuwepo. Miaka ya nyuma nikiwa kituo kingine cha kazi, siyo Arusha, tulianza kupata wagonjwa wa kuharisha choo cha maji ya mchele, kipimo cha haraka kikaonyesha kipindupindu. Tukaandaa tangazo la kusomwa redioni, misikitini na makanisani. Kiongozi mmoja akalipitia, akachukua peni akakata neno kipindupindu, juu yake akaandika "magonjwa ya tumbo ya msimu wa mvua", akasema tukilitaja watu wataogopa na gulio la Jumamosi litakufa. Aliyeenda kulichapa upya ni mimi, nililichapa vile alivyotaka na sikufungua mdomo. Kesho yake saa tisa mchana mama mmoja akashuka kwenye bodaboda na mtoto mgongoni, mtoto macho yameingia ndani, midomo imekauka, nikamfinya ngozi ya tumbo ikabaki imesimama hairudi. Nikamuuliza mama, ameanza saa ngapi? Akasema toka usiku wa manane, "redio ilisema ni tumbo tu la mvua, nikampa chai ya tangawizi nikasubiri litulie." Mtoto tulimwekea dripu akapona. Bibi yake alianza kuharisha usiku huohuo akabaki nyumbani, tulipofika na gari alikuwa ameshafariki. Kipindupindu kinaweza kummaliza mtu mzima ndani ya masaa machache tu, na ukimuwahi kwa ORS (ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) na dripu kati ya watu 100 hafi hata mmoja kwa kawaida. Lile neno lililokatwa kwa peni lilikuwa sehemu ya matibabu ya yule bibi.

Watu wa Arusha tuna sababu ya kulielewa hili kuliko mikoa mingi. Mgonjwa wa kwanza wa Corona nchini alipatikana hapahapa, Mtanzania aliyetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) tarehe 15 Machi 2020 akitokea Ubelgiji, akajisikia vibaya akaenda hospitali mwenyewe, sampuli ikapelekwa Maabara ya Taifa Dar, na tarehe 16 Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, akatangaza. Ndani ya siku moja! Hiyo ni kasi nzuri na ndivyo inavyotakiwa. Tatizo likatokea upande wa pili, jina la yule mgonjwa likasambaa kwenye magrupu kila mtu anatoa maoni, mara kaleta ugonjwa, mara kalipwa. Huyu mtu alifanya kila kitu tunachohubiri kila siku, akajipeleka mwenyewe, akasema katoka wapi, tukamlipa vile. Kila dereva wa watalii, kila mpagazi, kila mhudumu wa hoteli aliyeona ile akajifunza kwamba ukiumwa nyamaza. Ndugu zetu waandishi wa Arusha mkumbuke, umri, jinsia na sehemu alikotoka vinatosha kwenye habari, jina la mgonjwa halimkingi mtu yeyote.

Baadaye kikaja kimya. Kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2020 ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kutolewa idadi, wagonjwa 509 na vifo 21, baada ya hapo zaidi ya mwaka hakuna namba. Mwanzoni mwa Mei Hayati Rais Magufuli alisema vipimo vya maabara vina walakini, akatolea mfano sampuli za papai na mbuzi zilizorudi na majibu kwamba zina Corona. Marehemu simhukumu, na swali la ubora wa vipimo ni halali, maabara yoyote lazima iulizwe. Lakini kipimo kikiwa na shida unarekebisha kipimo huku unaendelea kuhesabu wagonjwa. Sisi tuliokuwa kazini tukabaki na lugha ya "changamoto ya upumuaji", familia zinazika hazijui zimezika kwa ugonjwa gani, na pale mpakani Namanga malori yamepanga mstari kwa sababu majibu ya madereva ya upande huu na upande wa Kenya yanabishana.

Gharama yake tuliilipa 2021. Tarehe 28 Julai Rais Samia alichanjwa hadharani, dozi zaidi ya milioni 1 za chanjo ya Corona ya Janssen zilikuwa zimefika, na sisi tukatoka na meza zetu mpaka Soko la Kilombero. Kinyozi mmoja jirani na soko akazima mashine katikati ya kichwa cha mteja, akaniangalia, akaniuliza taratibu tu bila hasira: "Bwana afya, si mlisema ugonjwa umeisha? Sasa hii sindano ni ya nini?" Nilikuwa na maelezo ya kitaalamu ya dakika 10 na niliyatoa yote, akanisikiliza kwa heshima, akawasha mashine akaendelea kunyoa. Wenzangu wengi wanapenda kusema watu kama yule ni wabishi au hawajasoma. Mimi naona alikuwa na kumbukumbu nzuri, alikumbuka tulichomwambia.

Na kabla ya Corona tulishakuwa na somo letu la Loliondo. 2011, kijiji cha Samunge, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kikombe cha dawa ya mti shilingi 500, watu wanaambiwa kinatibu kisukari, presha, saratani mpaka UKIMWI. Magari yalitoka hapa mjini kupitia Mto wa Mbu mpaka ile foleni ya kilomita na kilomita, wagonjwa wengine walitolewa vitandani hospitali wakapakiwa, wapo waliofia njiani. Wanasiasa nao walikwenda wakapigwa picha na kikombe mkononi. Mtu ana imani yake na siiingilii, ila kiongozi akipiga picha na kikombe, aliyeko nyumbani anaisoma kama cheti cha serikali. Serikali iliposema ule mti hauna sumu kwa mnywaji, watu wakasikia "dawa inatibu", na hayo ni mambo mawili tofauti, maji ya bomba pia hayana sumu na hayatibu kisukari! Ilitakiwa tuseme hapohapo kwa herufi kubwa: usiache dawa zako za hospitali. Hilo tulilisema kwa sauti ndogo.

Waandishi nao, kila siku tulipata habari ya foleni, magari mangapi, nani maarufu kafika leo. Hiyo ilikuwa rahisi, foleni inaonekana kwa macho. Kazi iliyotakiwa ni kuchukua watu 20 waliokunywa, kuwatafuta baada ya miezi 3 na kuwauliza sukari yao imesomaje, CD4 (kipimo cha kinga ya mwili) imepanda au imeshuka, nani yupo hai. Habari kama hiyo haina haraka ya kurushwa saa mbili usiku ila ndiyo ingeokoa watu. Kwenye kliniki za UKIMWI sisi tuliwaona wakirudi mmojammoja wamekonda, dawa waliacha toka safari ya Samunge. Afrika Kusini walilipa bei kubwa zaidi ya hiyo, miaka ya Rais Thabo Mbeki viongozi walitilia shaka kwamba HIV ndiyo inaleta UKIMWI, waziri wao wa afya akawa anasifia vitunguu saumu, malimao na bitiruti, ARV, yaani dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, zikacheleweshwa, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wa 2008 ulikadiria zaidi ya watu 330,000 walipoteza maisha kwa ucheleweshaji ule.

Mfano mzuri upo, tena wa kwetu. Katikati ya Machi 2023 wizara ilitoka ikasema kuna ugonjwa haujajulikana Kagera, watu wamekufa, timu imekwenda, majibu bado. Tarehe 21 majibu yakatoka ni Marburg, homa kali ya virusi inayoua, yakatangazwa, watu 161 waliokaribiana na wagonjwa wakawa wanafuatiliwa, na Juni 2 mlipuko ukatangazwa umeisha, waliothibitishwa hawakuzidi 8. Angalia hiyo hatua ya kwanza, serikali ilisema "hatujajua bado" na nchi haikuanguka. Sasa linganisha na Januari 2025. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani (WHO) wakasema kuna washukiwa wa Marburg Kagera, upande wetu ukajibu sampuli hazina virusi, halafu tarehe 20 Rais Samia akiwa na mkuu wa WHO Dodoma akathibitisha mgonjwa mmoja Biharamulo. Kimaabara hakuna cha ajabu hapo, sampuli za kwanza zinaweza kuwa hazina kitu na za mtu mwingine zikawa nacho. Lakini mwananchi alisikia "hakuna", baada ya siku chache akasikia "upo", na yale mambo ya sampuli hakuna aliyemweleza vizuri. Sentensi ya kusema ni fupi: zilizopimwa mpaka leo hazina virusi, tunaendelea kuchukua nyingine, tutarudi kwenu kesho saa kumi jioni. Na hiyo saa kumi ikifika urudi kweli hata kama huna jipya.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo simu nyingi zinapotokea. Tuseme Jumatatu umesikia washukiwa 14 wa kipindupindu, Alhamisi unasikia waliothibitishwa 3, unapiga simu kutuita waongo. Mshukiwa ni mtu mwenye dalili zinazolingana. Kipimo cha haraka kinatoa majibu ndani ya nusu saa lakini hicho ni cha kutupa mwelekeo. Kuthibitisha lazima choo kioteshwe maabara, siku 2 mpaka 3. Matibabu hayasubiri hayo majibu, ni hesabu tu ndiyo inasubiri. Kituo kinaripoti kwa Mganga Mkuu wa wilaya, wilaya kwa mkoa, mkoa kwa wizara, na kutangaza mlipuko ni kazi ya wizara, kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa wako au diwani akisema upo au haupo anasema kwa nafasi yake binafsi, na ningemwomba asiseme. Kimataifa, Kanuni za Afya za 2005 zinaitaka nchi kuijulisha WHO ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio linaloweza kuwa dharura ya kimataifa. Wakati huohuo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatupa sisi maofisa mpaka siku 30 kumjibu mwandishi aliyeandika barua. Kwa ugonjwa unaomaliza mtu kwa masaa, ofisa anayejificha nyuma ya hizo siku 30 anavunja amana, hata kama sheria hajaivunja.

Adhabu pia mzijue. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16, ukichapisha taarifa mtandaoni unajua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma, faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 ziliweka habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka kwenye orodha ya vilivyokatazwa. Mimi naona hii kanuni inatubana sisi kuliko mwandishi. Ukimwambia mwandishi asirushe bila idhini, basi mwenye idhini apokee simu, saa nne usiku apokee. Mwandishi akikosa jibu kwetu atalitafuta kwingine na hatutakuwa na haki ya kumlaumu kwa alichokipata.

Wananchi, zamu yenu. Hoja ya "wanaficha kwa sababu ya watalii" naisikia kila msimu na naelewa inatoka wapi, mji huu unakula kwa utalii. Ila mkishashika hiyo hoja mnakataa hata taarifa sahihi, tukisema upo mnasema tunatafuta pesa za wafadhili, tukisema haujathibitishwa mnasema tunaficha. Mtusaidie kidogo. Voisi isiyo na jina, tarehe wala mtaa usiitume popote, piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure, taja kata na idadi ya wanaoumwa, hiyo simu moja inatupeleka kwenye hiyo nyumba.

Na mtu akianza kuharisha maji maji mfululizo nyumbani kwako, asisubiri redio wala tangazo langu. Changanya pakiti 1 ya ORS kwenye lita 1 ya maji safi, anywe kidogo kidogo huku bodaboda inaitwa, na aendelee kunywa njiani mpaka mlango wa zahanati.