Hiyo M kwenye gari yako ya otomatiki sio ya vijana wa resi

Mama mmoja anayenunua dagaa pale Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, alituletea gari yake karakana hapa chuoni, analalamika breki zinalia na pedi hazimalizi hata miezi minne. Nikakaa siti ya pembeni nikamwambia haya mama, panda mlima wa Bugando alafu shuka kama unavyoshukaga siku zote. Kupanda hakuna neno. Kushuka sasa, mguu wake haukutoka kwenye breki kuanzia juu mpaka chini, na tulipofika chini ndani kumeshajaa ile harufu ya ukucha unaoungua. Nikamuuliza hii M hapa pembeni ya D umewahi kuigusa? Akacheka, "Mwalimu, mi nilijua hiyo ni ya vijana wa resi."

Nikamwambia hiyo ni manual, unachagua gia mwenyewe, basi kuanzia leo isome M ya mlima.

Wengi wako kama yeye, na siwalaumu, gari zinakuja zimetumika toka Japani, kitabu chake ni cha Kijapani kama kipo, na aliyekuuzia anakuelekeza P, R, N, D alafu anahesabu hela zake. Ila sisi tunaishi mji wa mawe. Isamilo, Bugando, Capri Point, Mabatini kule juu, kote ni kupanda na kushuka, kwaiyo kitu ambacho mtu wa tambarare anaweza kukisahau maisha yake yote wewe unakihitaji kila asubuhi.

Iko hivi. Ukishuka mlima na D ukaachia mafuta, gari nyingi zinaona huna haja ya nguvu, basi zinapanda gia ya juu, na gia ya juu haina cha kukushikia, gari inateleza tu inaongeza spidi na kazi yote inabaki kwa breki. Ukiweka M ukashusha mpaka gia ya 2, ukaachia mafuta, magurudumu ndo yanaanza kuizungusha injini badala ya injini kuyazungusha, na injini haipendi kuzungushwa, inabana. Utasikia inaunguruma, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda hadi 3,000 hivi, watu hapo wanaogopa wanadhani wanaua injini. Huiui, mradi mshale haujafika kwenye ule mstari mwekundu iko sawa kabisa.

Na mafuta? Hili swali silikosagi. Gari za siku hizi kompyuta ikiona umeachia mafuta huku mzunguko bado uko juu inafunga nozo za mafuta, haimwagi hata tone, mlima ndo unaizungusha injini bure. Kumbe yule anayeweka N (gia huru) kwenye mteremko ili "asevu" injini yake iko sailensa, yaani inazunguka taratibu bila kazi, inakunywa kidogo kidogo ili isizime, alafu hana kinachomshikia gari zaidi ya breki. Anayezima gari kabisa huyo hata sijui nimwambie nini, maana buster ya breki (ile inayokuongezea nguvu ya kukanyaga) inaishiwa nguvu baada ya kukanyaga mara chache na usukani unakuwa mgumu kama jiwe.

Kinachotisha kwenye breki sio pedi kuisha, pedi zinanunuliwa. Ni joto. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewani taratibu, na yakishavuta yanachemka mapema: DOT 3 (aina mojawapo ya mafuta ya breki) ikiwa mpya inatakiwa istahimili mpaka nyuzi 205, ila ikishalowa kiwango chake kinashuka hadi nyuzi 140 tu. Yakichemka yanatoa mapovu, mapovu yanabonyea, pedali inazama mpaka chini na gari haisimami. Unapampu unapampu. Kwaiyo yabadilishe kila baada ya miaka miwili hivi, wengi hapa Mwanza nawaona yana rangi ya kahawa.

Sasa jinsi ya kutumia. Usisubiri gari ikimbie ndo uanze kutafuta gia, punguza kwa breki ukiwa bado juu, hamisha toka D kwenda M (unaweza ukiwa unatembea, haina shida), shusha moja moja mpaka uone gari inajishika yenyewe, alafu breki unagusa tu unapohitaji. Ukishusha gia kwa spidi kubwa mno kompyuta itakataa, wengine wanasikia mlio wanadhani gari imeharibika, hapana, inajilinda.

Angalia alama za gari yako lakini. Toyota na Subaru nyingi + iko mbele na − nyuma, Mazda ni kinyume, ukizoea moja ukaazima nyingine utapandisha gia wakati ulitaka kushusha. Na Toyota nyingi zimeandikwa S badala ya M, hapo S4 haimaanishi uko gia ya 4, inamaanisha gari inaruhusiwa kutumia gia ya 1 mpaka ya 4, kwaiyo usishangae kuona S4 na injini haibani, shusha mpaka 3, mpaka 2. Kama huna M wala S usijione umepitwa, gari za zamani zina 2 na L, au kile kitufe cha O/D pembeni ya gia kinachozuia gia ya juu kabisa, na baadhi zenye CVT (giaboksi isiyo na gia za hatua) zina B. Kazi ni ileile.

Jambo ambalo nalisisitiza sana darasani, injini ikikubania gari taa za breki nyuma haziwaki. Bodaboda aliyekukalia kwenye bampa hajui kwamba umepunguza. Gusa breki kidogo, hata kama huihitaji, ili taa imwambie. Na mvua ikinyesha kwenye zile barabara za mawe za milimani usishushe gia mbili kwa mpigo, tairi zitateleza.

Kupanda nako M inasaidia, hasa umebeba magunia, gari ikiwa inasitasita 3, 4, 3, 4 mpaka juu inachemsha oili ya giaboksi, ifunge kwenye 3 au 2 itulie. Kuovateki lori barabara ya Shinyanga vilevile, shusha gia kabla hujatoka. Daraja la Kigongo–Busisi ni tambarare, pale acha D yako.

Yule mama tulipanda naye tena Bugando siku hiyohiyo. Akashuka na gia ya 2, mguu umepumzika sakafuni, mikono imekamata usukani kama anashusha tanki la mafuta, bodaboda watatu wakampita wanapiga honi na yeye hana habari. Breki aligusa mara nne tu, nilihesabu. Kosa alilofanya lilikuja baadaye, alisahau kurudisha D, akaenda mpaka Igoma na gia ya 2 injini inalia njia nzima, alafu akanipigia simu, "Mwalimu, hii M yako mbona inakula mafuta?"