Pazo za mbao na ile picha ya Rembrandt: yasemwayo na yalivyo kweli

Ukitaka maoni ya bure hapa Mombasa, tandaza pazo ya mbao sebuleni kisha acha mlango wazi. Kila aingiaye ana lake, na mengi si kweli. Nazungumzia zile picha zilizobandikwa juu ya plaiwudi zikakatwakatwa vipande ili uziunganishe tena, na hasa hii ya Rembrandt, mchoraji wa Kiholanzi wa karne ya 17, ile ya askari wa Amsterdam wanatoka na bunduki na mikuki, inayouzwa kwa jina la Zamu ya Usiku. Hii imebeba dhana potofu za aina mbili, za mbao na za picha yenyewe.

"Umewanunulia watoto?"

Hilo ndo la kwanza, mtu hata viatu hajavua. Asili yake kweli ilikuwa watoto, lakini watoto wa matajiri tena kwa ajili ya somo. Anayetajwa sana ni John Spilsbury, mchoraji ramani wa London miaka ya 1760, alikuwa akibandika ramani juu ya mbao ya mahogani akiikata kwa kufuata mipaka ya nchi, mtoto akiipanga anajifunza jiografia, hata watoto wa mfalme George III walisomeshwa kwa ramani kama hizo. Lakini ilipofika 1908 hivi kule Marekani watu wazima walishikwa na wazimu wa pazo mpaka kampuni ya Parker Brothers mwaka 1909 ikaweka michezo mingine yote kando, kiwanda kizima kikawa chakata pazo tu. Na nyingi za zama hizo hazikuwa na picha juu ya boksi. Wafungua, wakuta vipande, hujui hata waunganisha nini. Sasa mpe mtoto wa darasa la pili hiyo uone.

"Vipande 250 tu? Hiyo nusu saa."

Huyu amezoea za kadibodi. Kadibodi hukatwa kwa chuma kimoja kinachobonyezwa mara moja, vipande vyote vyafanana fanana, wapanga ukingo kwanza kisha waingia ndani. Mbao si hivo bana. Mkataji, awe mtu na msumeno mwembamba au mashine ya leza, ana hila zake: aweza kufuata mstari wa rangi, yaani koti la njano laishia pale pale kipande kinapoishia, jirani yake ni mweusi tupu, hupati dalili yoyote kwamba hawa wawili ni majirani. Kona aipasua vipande viwili ili usiitambue, na ndani aweka vipande vyenye upande ulionyooka ukidhani ni ukingo kumbe wapi. Kisha kuna vile vya umbo maalum, mbwa, kofia, ngoma, mtu mzima amesimama. Wengi wadhani hivo ni vya urembo, lakini pambo hilo huwa lina kona na mikunjo ya ajabu na kila kinachogusana nacho hakifanani na kipande kingine chochote. Mie pazo ya vipande 250 ya mbao naiheshimu kuliko elfu moja ya kadibodi.

Kuna pia wanaoirudisha dukani wakisema imeungua, kwa sababu ubavu wa vipande ni wa kahawia na boksi lanuka moshi. Leza hukata kwa kuchoma, ndo hali yake, harufu yapungua ukiacha boksi wazi.

"Kwa unyevu huu wa pwani itavimba, hela umetupa."

Hili lina ukweli kidogo ndani yake ndo maana laniudhi, manake watu wachukua huo ukweli kidogo wakaufanya sheria. Plaiwudi ni matabaka membamba ya mbao yaliyogundishwa, nyuzi za kila tabaka zakata njia ya mwenziwe, kwa hivo haitanuki ovyo kama ubao mzima wa mlango ambao mwezi wa tano mvua ikishika lazima uusukume na bega. Vipande vitabana kidogo msimu wa mvua, jua likirudi vyalegea. Kinachoharibika kwanza ni karatasi ya picha kuanza kubanduka pembeni, na ukungu. Kwa hivo usiiache mezani karibu na dirisha linaloangalia bahari, usiifute kwa kitambaa kibichi (dada wa kazi aambiwe mapema), na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, tia viwili vitatu humo. Boksi lisikae sakafuni likiegemea ukuta, mchwa hawaulizi picha ni ya nani. Ila kama umeuziwa emdiefu (MDF, unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi) kwa jina la mbao hapo pole, ile ikinywa maji yavimba na hairudi, kwa hivo uliza kabla ya kulipa kwa sababu bei ya nzuri pamoja na usafiri yakaribia mbuzi wa Idi.

"Hii picha ni ya usiku."

Hapa ndo nikitakapo. Si usiku. Rembrandt aliimaliza 1642, kampuni ya walinzi wa mji ya kapteni Frans Banninck Cocq yatoka nje na mwangaza wa mchana wawapiga kutoka juu kushoto. Giza lilikuja baadaye, vanishi juu yake ilizeeka na uchafu ukajaa, jina la usiku likabandikwa karne ya 18 inaisha, na waliposafisha baada ya vita vya pili vya dunia watu wakaona kumbe. Ushahidi mwenyewe utaushika mkononi: kapteni amenyoosha mkono, na kivuli cha mkono ule kimeanguka juu ya koti la njano la luteni wake. Ukiangalia picha kwenye simu wapita tu, lakini ukiwa na kipande cha njano chenye doa jeusi hujui laenda wapi mpaka ufahamu ni kivuli cha vidole, hapo husahau tena. Na yule msichana mdogo anayeng'aa katikati ya wanaume, watu husema mtoto wa nani huyo kapotea, muangalie kiunoni, ananing'iniza kuku aliyekufa miguu juu, na zile kucha za ndege ndo alama ya kikosi chao.

(Mwaka huo 1642, kwa wanaouliza sisi tulikuwa wapi, Fort Jesus ilikuwa mikononi mwa Mreno bado, Waomani waliichukua 1698.)

Wapo pia wasemao picha hii ndo ilimfilisi Rembrandt, eti wateja waliichukia wakakataa kulipa. Walilipa. Ni kama gilda 1,600, pesa ya Kiholanzi ya wakati huo, kwa jumla, na yeye alifilisika 1656, miaka 14 baadaye, kwa madeni yake mwenyewe ya nyumba na kununua vitu.

Lakini kubwa ambalo hakuna mgeni aliyewahi kulisema ni kwamba picha yenyewe ina vipande vilivyopotea. Mwaka 1715 waliihamisha kwenda ukumbi wa mji wa Amsterdam, ukutani haikuenea, wakaikata pande zote nne, upande wa kushoto ndo zaidi, kama sentimita 60, wakaondoka wanaume wawili na mtoto. Mabaki hayajaonekana mpaka leo. Tunajua yalivyokuwa kwa sababu mchoraji mwingine, Gerrit Lundens, alikuwa ameshachora nakala yake ndogo kabla haijakatwa, na mwaka 2021 Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam lenye picha hiyo, likatumia kompyuta kuchora upya kingo hizo kwa mtindo wa Rembrandt, zikachapishwa na kupachikwa kando ya ile halisi kwa muda.

"Lazima uagize Ulaya."

Si lazima. Rembrandt hana mtu wa kumdai haki za picha tena, na Rijksmuseum waruhusu kuipakua bure ikiwa safi sana. Ukipata mchapishaji mzuri na fundi mwenye leza, wale wanaokata vibao vya ofisi na vikombe vya zawadi, plaiwudi ya milimita nne yatosha. Hata kipande kikipotea si mwisho, weka karatasi juu ya pengo usugue kwa penseli, umbo latoka, seremala yeyote akukatie, rangi upake mwenyewe. Ila uamue mapema kama wataka ile iliyokatwa 1715 au ile yenye kingo za kompyuta, manake wauzaji wengi hawasemi ni ipi. Mie nataka iliyokatwa, kwa kuwa nyingine si mkono wa Rembrandt.